Kubadilisha Jeni za Mtoto Tumboni: Dini Inasemaje?



Tuchukulie mke na mume wa Mpale, kule Korogwe, wenye jamaa zao Pemba na Unguja. Mtoto wao wa kwanza ana selimundu. Wanatamani mwengine, lakini wanaogopa. Wamesikia kuwa siku hizi wataalamu wanaweza kuhariri jeni za kiinitete, yaani mimba katika siku zake za mwanzo kabisa. Je, inajuzu?

Suala hili si geni kwetu. Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Mtoto huugua akirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina fungu moja kati ya manne la kuwa na mtoto mgonjwa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. La kwanza ni kumtibu mgonjwa mwenyewe. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya Casgevy, ambayo huhariri seli za uboho wa mgonjwa. Mabadiliko hayo hayarithiwi. La pili ni kuhariri kiinitete, ambapo mabadiliko hurithiwa na vizazi. Mwaka 2018 He Jiankui wa China alitangaza kuzaliwa pacha aliowahariri hivyo. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 3.

Mwaka 1998 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliruhusu elimu ya jeni itumike kukinga na kutibu maradhi, kwa sharti isilete madhara makubwa zaidi. Likakataza kuchezea maumbile kwa madai ya kuboresha kizazi cha binadamu. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na Sura An-Nisaa, aya ya 119, inatutahadharisha na kubadili maumbile ya Allah (S.W.). Kuondoa maradhi ni tiba. Kuchagua rangi au kimo cha mtoto ni kubadili.

Basi kwa nini hata selimundu isihaririwe katika kiinitete? Kwa sababu madhara hayaondoshwi kwa madhara. Chombo hiki huweza kukata pasipokusudiwa, na kosa lake likarithiwa na wajukuu. Tena iko hekima: mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti Afrika Mashariki, alionesha kuwa mwenye jeni moja tu ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria. Kwa watu wa mabonde ya Korogwe na Handeni, jeni inayoumiza zikikutana mbili ndiyo inayookoa ikiwa moja.

Kwa hiyo tunaona kuhariri kiinitete hakufai kwa hali ilivyo sasa, ila kumtibu mgonjwa kunafaa. Wanandoa hawa hawana dhambi kwa waliyoyarithi. Wamuwahishe mtoto kliniki, na mtoto atakayefuata apimwe mapema. Wanaochumbiana nao wapime damu kabla ya kufunga ndoa. Kipimo hakiharamishi ndoa, lakini huwafanya waingie wakijua. Na tuache kumlaumu mama peke yake: jeni hii hutoka pande zote mbili.

Allah ampe shifaa kila mgonjwa. Wallaahu a'lam.