Modi za Gemu: Namna ya Kuzipanga na Kusuluhisha Migongano

Modi ni faili linaloongeza au kubadilisha kitu ndani ya gemu: gari, ramani, sauti, hata sheria za mchezo. Kwa kawaida hutengenezwa na wachezaji wenyewe, na baadhi zimekua zikawa gemu kamili. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life. Wachezaji wa Tanzania na Kenya huzitumia sana kuingiza mabasi ya kwao katika Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu ya kampuni ya Maleo iliyotoka mwaka 2017. Wenye kompyuta huzitumia pia katika Euro Truck Simulator 2, iliyotolewa mwaka 2012 na SCS Software ya Jamhuri ya Cheki.

Kwenye gemu ya mabasi, kila gari ni faili linalojitegemea, hivyo magari mawili hugombana kwa nadra. Gari lisipoonekana, sababu huwa nyepesi: faili halijatolewa kwenye zipu, limewekwa folda isiyo yake, au limetengenezewa toleo jingine la gemu. Mafaili mawili yenye jina moja nayo hayakai folda moja; la pili huweza kufuta la kwanza.

Mgongano wenyewe hutokea pale modi mbili zinapobadilisha kitu kilekile. Tuseme modi moja inaleta daladala na bodaboda barabarani, na nyingine inaongeza wingi wa magari, na zote mbili zimebeba faili la trafiki lenye jina moja. Gemu husoma moja na kuiacha nyingine. Daladala zitaonekana, lakini magari barabarani yatabaki machache, au foleni itakuwepo bila daladala hata moja.

Dawa ya kwanza ni mpangilio. Katika Euro Truck Simulator 2, modi iliyo juu kwenye orodha ndiyo yenye nguvu. Katika Skyrim ni kinyume: inayopakiwa mwisho ndiyo hushinda. Kwa hiyo, kabla ya kupanga, ni lazima kujua kanuni ya gemu husika na kusoma maelezo ya mtengenezaji, ambaye mara nyingi hutaja modi yake ikae wapi na inahitaji modi gani nyingine. Mpangilio usiposaidia, hutafutwa kiraka, yaani modi ndogo inayounganisha mabadiliko ya zote mbili. Kisipopatikana, moja itolewe.

Gemu ikizimika bila kuonyesha mkosaji, modi zigawanywe nusu kwa nusu. Zikiwa 16, zizimwe 8, kisha gemu ifunguliwe. Tatizo likibaki, mkosaji yumo katika nane zinazofanya kazi; likiisha, atafutwe katika zile zilizozimwa. Kwa majaribio manne hivi hupatikana modi moja. Iwapo kila nusu inafanya kazi vizuri peke yake, basi wagomvi ni wawili, mmoja kila upande. Kwenye gemu ya malori, faili la game.log.txt pia huandika makosa, na aghalabu hutaja faili lililoyasababisha.

Kinga ni bora kuliko tiba. Modi ziongezwe moja moja, na kila moja ijaribiwe kabla ya kuleta nyingine. Nakala ya mchezo uliohifadhiwa iwekwe pembeni, na lori la modi liuzwe ndani ya gemu kabla modi yake haijaondolewa. Kwa mchezaji wa Issenye, wilayani Serengeti, anayenunua bando la siku, kupakua upya faili la mamia ya megabaiti ni hasara. Mafaili ya awali yatunzwe kwenye memori kadi, pamoja na jina na toleo la kila moja.

Tahadhari inahitajika pia kwa mafaili ya kupewa. Gari la Bus Simulator Indonesia mara nyingi huishia na .bussidvehicle au .bussidmod. Faili la .apk ni programu kamili inayoweza kuiba taarifa za simu, zikiwemo za pesa. Asiyejua lilikotoka asilisakinishe.

Modi chache zinazoelewana zina faida kuliko lundo linalozimisha gemu kila mara. Mchezaji achague anazozihitaji kweli, ajue kila moja inagusa nini, na asisasishe gemu kabla ya kuhakikisha kuwa modi zake zinalifaa toleo jipya.