Sosi ya chaza: mbadala wa jikoni waibana bei

Mwenye duka anayeweka sosi ya chaza, ile nyeusi na nzito ya Kichina, ana mshindani asiyeonekana sokoni: jiko la mteja wake. Bei ikipanda mno, mteja huitengeneza mwenyewe. Ni vyema kujua mbadala huo unatosha wapi na unashindwa wapi.

Sosi hii asili yake ni jimbo la Guangdong, kusini mwa China, ambako Lee Kum Sheung aliianzishia biashara mwaka 1888. Mwanzoni ilikuwa supu ya chaza iliyochemshwa hadi ikawa nzito. Chaza wengi walitoa sosi kidogo, hivyo ilikuwa ghali. Mwaka 1972 kampuni aliyoiasisi, Lee Kum Kee, yenyewe ilitoa aina ya bei nafuu yenye nembo ya Panda ili kuwafikia walaji wa kawaida. Leo chupa nyingi zina maji, sukari, chumvi na wanga, pamoja na kiasi fulani cha chaza.

Hapo ndipo mpishi wa nyumbani anapopata nafasi. Huchukua vijiko 2 vikubwa vya sosi ya soya, kijiko 1 kidogo cha sukari na nusu kijiko kidogo cha wanga wa mahindi uliokorogwa kwa maji. Huchemsha hadi mchanganyiko uwe mzito. Akitumia maji yaliyolowekwa uyoga mkavu, ladha huongezeka.

Katika nyama iliyokaangwa kwa kitunguu saumu, walaji wengi hawatagundua. Katika mboga za majani zinazomwagiwa sosi juu, ladha ya chaza hukosekana mara moja. Kwa sababu hiyo mikahawa ya Kichina haiachi chupa kirahisi, ila mteja wa nyumbani huiacha.

Ushauri kwa mfanyabiashara mdogo: kama wateja wako ni wa majumbani, usifungie mtaji kwenye chupa kubwa. Weka chache ndogo, na uongeze sosi ya soya, kwani hiyo hununuliwa na pande zote mbili. Mteja asiyepatana na chaza mwonyeshe sosi ya uyoga, lakini asome lebo kwanza: sosi ya soya kwa kawaida huwa na ngano.