Jaribio lilipita, mpaka tulipomweka mama ndani

Kwenye kipindi cha wiki jana niligusia kwa dakika mbili hivi jinsi mchezo wa akina mama ulivyotaka kuuangusha mfumo tuliokuwa tunaujenga kazini, halafu tukahamia mengine. Mlioniandikia mkitaka kisa chote, hiki hapa. Nusu yenu mlitaka ufundi, nusu mlitaka maneno ya mama. Vyote vimo.

Kampuni sitaitaja. Ni moja ya zile zinazotuma pesa Afrika Mashariki kwa simu, ofisi iko katikati ya Toronto, dakika chache kwa miguu kutoka stesheni ya Union. Mimi kazi yangu ni hifadhidata, yaani kule ambako salio la kila mteja limeandikwa. Programu ikipendeza husifiwa wengine. Pesa ikipotea napigiwa simu mimi.

Sasa, kabla ya ufundi, kuna jambo ambalo kwenye kipindi sikulisema. Mwezi Januari, wiki ya karo, shangazi yangu wa Scarborough alituma dola 300 kwenda Likoni. Programu ikazunguka, ikazunguka, akaona haijaenda, akabonyeza tena. Zikakatwa mara mbili. Kurudishiwa kulichukua siku 9, na siku zote hizo yeye, anayefanya usafi hospitalini usiku, alikuwa anahesabu nauli ya basi. Alitusimulia kwa mama huku anacheka. Hakujua kampuni ile ndiyo inayonilipa mshahara. Mimi nilijua, nikaendelea kula.

Kwa hiyo tulipopewa kazi ya kuandika upya sehemu ya kuhamisha pesa, nilikuwa na sababu yangu mwenyewe. Tarehe ya kuzindua ilipangwa iangukie kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, maana hapo ndipo watu hutuma kwelikweli: nguo za watoto, zakatul-fitri, kila kitu. Tukaandaa jaribio la mzigo. Watumiaji bandia 2,000 wanafanya kazi kwa pamoja, akaunti bandia 50,000, kila mmoja anachagua mtu wa kumtumia kwa bahati nasibu. Lilikimbia saa nzima. Asilimia 99 ya maombi yalijibiwa chini ya nusu sekunde, na hakuna hata kosa moja. Meneja akaipiga picha skrini akaituma kwa wakubwa.

Jumapili yake nilikuwa kwa mama. Mama anaendesha mchezo, wengine mnaita upatu au chama: wanawake 12, kila mmoja dola 200, Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Siku hizi wanalipana humohumo kwenye programu yetu, akaunti kwa akaunti, halafu mwenye zamu anatuma nyumbani. Nikamuuliza tu, kwa mazungumzo, mnalipa saa ngapi.

"Sote tukishatoka kazini. Saa moja usiku hivi. Na mwenye zamu naye analipa madeni yake papo hapo."

"Madeni gani, mama?"

"We mtoto, unadhani mtu anangoja zamu miezi kumi bila kukopa? Huyo ameshakopa kwa nusu yetu. Pesa ikiingia tu, anarudisha. Asiporudisha saa ile ile hatulali."

Niliweka kijiko chini. Yaani dakika ile ile mama anamtumia mwenye zamu, mwenye zamu anamtumia mama. Kwenye jaribio letu, lenye akaunti 50,000 na bahati nasibu, watu wawili kutumiana pesa kwa sekunde moja ni jambo ambalo karibu haliwezi kutokea. Kwa akina mama linatokea kila Ijumaa ya kwanza, saa moja usiku.

Kwa wasiofanya kazi hizi, tatizo ni hili. Chukua jiko la bibi yangu Mombasa, asubuhi ya Idd. Sufuria kubwa ni moja na mbuzi ya kukunia nazi ni moja. Shangazi mmoja ameshika sufuria, anataka mbuzi. Mwingine amekalia mbuzi, anataka sufuria. Kila mmoja anamngoja mwenzake amalize, na hakuna anayeachia alichonacho. Hakuna ugomvi, hakuna aliyekosea, na wali haupikwi. Foleni, hata ile ya Highway 401 saa kumi na moja jioni, husogea. Hii haisogei mpaka mtu aingilie. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyeandika juu ya mambo haya katikati ya miaka ya 1960, aliliita kumbatio la mauti. Sisi kazini tunasema mkwamo.

Kwenye hifadhidata, sufuria na mbuzi ni mistari ya jedwali. Muamala ukitaka kubadilisha salio la mtu, unaufunga kwanza mstari wake ili mwingine asiuguse katikati ya hesabu. Programu yetu ilikuwa inamfunga anayetuma, halafu anayepokea. Ukiisoma hivyo inaonekana sawa kabisa, tena ina adabu. Lakini mama anapotuma, anafungwa mama kisha anatafutwa mwenye zamu. Mwenye zamu anapolipa deni, anafungwa yeye kisha anatafutwa mama. Basi, jiko la bibi.

Hifadhidata zenyewe zina namna ya kuingilia. PostgreSQL, tunayotumia sisi, humwacha anayengoja angoje sekunde 1 kwanza, kwa sababu kuchunguza nani anamngoja nani kuna gharama yake. Ikipita, huchunguza, na ikikuta duara huufuta muamala wa huyo aliyegundua ili mwenzake apite. Kosa linaandikwa kwa namba 40P01. SQL Server ina mlinzi anayezunguka kila sekunde 5. MySQL, kwenye InnoDB, humtoa aliyebadilisha mistari michache. Bibi alikuwa anamtoa mwenye umri mdogo.

Jumatatu nikaandika jaribio upya. Vikundi 500 vya watu 12, wote wanalipa ndani ya dakika mbili, na mwenye zamu anarudisha madeni humo humo. Pia nikabadilisha kitu kingine ambacho kinanitia aibu mpaka leo. Kabla pesa haijatoka, tunaiuliza huduma ya nje ikague kama muamala una harufu ya ulaghai. Kwenye jaribio la kwanza tuliweka huduma bandia iliyojibu papo hapo. Ile ya kweli inachukua kama sekunde 0.4. Nikaiambia ile bandia nayo ingoje sekunde 0.4 kabla ya kujibu.

Dakika ya tatu mfumo ulikuwa umelala. 40P01 zilikuwa zinashuka kwenye logi kama mvua, lakini hata miamala isiyo na mkwamo wowote ilikuwa inangoja sekunde 20, sekunde 30, halafu inakatika.

Kijana mmoja kwenye timu, mzuri sana tu, akapendekeza tuongeze miunganisho. PostgreSQL huja na kikomo cha 100, na yote ilikuwa imejaa. Tukaweka 500. Hali ikawa mbaya zaidi. Kuongeza viti kwenye chumba cha kusubiri hakuongezi daktari, na hawa wote waliokuwa wamekaa kwenye viti walikuwa wameshika makufuli mikononi, hivyo kila aliyeongezwa aliongeza waliozuiwa.

Hapo ikabidi tuache kubahatisha tuangalie. Tukawasha log_lock_waits, ambayo humwandika kila anayengoja kufuli kupita ile sekunde 1, na tukawa tunasoma pg_stat_activity kila baada ya sekunde chache tuone nani amekaa wapi. Ukweli ni kwamba logi ya mkwamo ni rafiki: inakuandikia muamala huu unangoja ule, ule unangoja huu, na amri ya kila mmoja. Wengi hawaisomi. Wanaona neno la kosa wanakimbilia kuongeza seva.

Na kwenye orodha ya wanaongoja tukakuta jina moja linajirudia: akaunti ya ada. Kila muamala unakata ada ndogo, na ada zote zilikuwa zinajumlishwa kwenye mstari mmoja, salio la kampuni. Mstari mmoja kwa wateja wote. Halafu, tukiwa tumeufunga mstari huo, ndipo tulikuwa tunaiuliza ile huduma ya nje. Fanya hesabu mwenyewe: kila muamala unalikalia kufuli hilo sekunde 0.4, kwa hiyo kwa sekunde moja inapita miamala miwili na nusu. Kampuni nzima. Ungeweza kununua seva ya ukubwa wa CN Tower, ingekuwa miwili na nusu vilevile. Na kadiri watu walivyongoja ada huku wakiwa wameshika akaunti zao, ndivyo mlango wa mikwamo ulivyozidi kufunguka.

Nikaenda kwa meneja. Akasikiliza vizuri, akasema jaribio langu ni la hali isiyo ya kawaida, wateja halisi hawafanyi hivyo, tarehe ibaki. Nikamwambia huyo mteja asiye wa kawaida ni mama yangu, na anafanya hivyo kila mwezi. Akasema tunaweza kuwashauri wateja watawanye malipo. Jambo hilo si la kipuuzi, serikali ya Canada imewahi kulifanya: maombi ya CERB yalipofunguliwa tarehe 6 Aprili 2020, waliozaliwa Januari hadi Machi waliambiwa waombe Jumatatu, Aprili hadi Juni Jumanne, na kuendelea mpaka Alhamisi. Lakini wale walikuwa wanapewa pesa. Huwezi kumwambia mama wa mchezo kwamba kwa kuwa amezaliwa Oktoba deni lake atarudishiwa Alhamisi. Na hawa ni watu ambao ndugu zao wanatumia M-Pesa tangu Machi 2007, wakati seva zake zenyewe zilikuwa ng'ambo, hazikuhamishiwa Kenya mpaka 2015. Mtu aliyezoea ujumbe kuingia kabla hajaweka simu mfukoni, ukimwambia angoje anabonyeza tena.

Hapo nikataja habari ya mteja wa Januari. Sikusema ni shangazi. Nilisema tu dola 300, siku 9, nauli. Tukakubaliana wiki mbili. Maana yake Idd ile watu wetu waliituma kwenye mfumo wa zamani, ule ule mbovu. Siku tatu za mwisho za Ramadhani nilikaa na simu mkononi, na kila ilipotetemeka nilidhani ni mama.

Marekebisho yenyewe yanachosha kusimulia. La mikwamo lilikuwa mistari michache: funga kwanza akaunti yenye namba ndogo, halafu yenye namba kubwa, bila kujali nani anatuma na nani anapokea. Sufuria kwanza, mbuzi baadaye, kwa kila mtu. Duara haliwezi kutokea kama wote wanashika kwa mpangilio mmoja. Ada tukaacha kuijumlisha pale pale; kila muamala unaandika mstari wake wa ada, na hesabu inafanywa baadaye. Ukaguzi wa ulaghai tukautoa nje, ufanyike kabla ya kufunga chochote, kisha tukishafunga tunaangalia salio tena kwa sababu huenda limebadilika wakati tunangoja jibu. Miunganisho tukairudisha 100.

Lililotusumbua zaidi ni kujaribu upya. Muamala uliofutwa kwa mkwamo lazima urudiwe, hilo liko wazi, lakini programu yetu ilikuwa inaurudia papo hapo, na wenzake nao papo hapo, wanakutana mlangoni tena. Sasa kila mmoja anapumzika kwa muda wa bahati nasibu, na akishindwa mara tatu anaacha na kusema ukweli. Na kila ombi linatoka kwenye simu na namba yake ya pekee, ambayo hifadhidata haikubali kuiandika mara mbili. Ukibonyeza mara kumi kwa hasira, ni namba ile ile, na pesa inatoka mara moja. Hilo nililiandika mwenyewe, sikumwachia mtu.

Tulizindua, na Ijumaa ya kwanza iliyofuata nikabaki ofisini. Saa moja usiku mistari ikapanda, kama mama alivyosema, dakika ile ile. Hadi saa tatu tulikuwa na mikwamo miwili tu, yote ikarudiwa ikapita. Haikutoka kwenye kuhamisha pesa hata. Ni programu ya ukaguzi wa hesabu ya usiku, ya zamani, inayofunga akaunti kwa tarehe za kufunguliwa badala ya namba. Hiyo bado iko kwenye orodha yangu.

Saa tatu na robo mama akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika tatu na nusu ni habari za mtu aliyechelewesha mchezo. Mwishoni akasema shangazi ametuma Likoni, na imekwenda mara moja tu.

Shangazi bado sijamwambia. Kama kuna mtu amemsomea haya, naomba mnijulishe kabla sijaenda Jumapili.