Kompyuta Kwenye Kioo cha Televisheni

Jimbo la Maniema, huku Kongo, limeijua televisheni kabla ya kompyuta. Mechi na filamu hutazamwa kwenye vibanda vya video, kwa jenereta au kwa betri ya sola. Shuleni, wanafunzi wa mwaka wa saba na wa nane wana somo linalounganisha fizikia, teknolojia na kompyuta, ila wengi wao kibodi wameiona ikichorwa ubaoni tu. Inasikitisha, maana kioo kinachohitajika kiko tayari kijijini.

Kuichomeka kompyuta kwenye televisheni si jambo la kubahatisha. ZX Spectrum na Commodore 64, zote za mwaka 1982, ziliuzwa bila kioo: mnunuzi alizichomeka kwenye televisheni ya nyumbani kupitia tundu la antena. Raspberry Pi, kompyuta ndogo kutoka Uingereza, ilipotoka mwaka 2012 kwa dola 35, ilikuwa na tundu la HDMI na pia lile la duara la njano linalojulikana kwa wenye televisheni za chogo, zile nene za zamani.

Lakini kwa nini maandishi kwenye chogo husomeka kwa shida? Mle ndani mwale wa elektroni huchora picha 25 kwa sekunde, kila picha ikiwa na mistari 625. Mstari mmoja una mikrosekunde 52 tu za kubeba picha. Ukitaka herufi 80 katika mstari, kila herufi nukta 8, unahitaji nukta 640, na mawimbi ya umeme lazima yapande na kushuka zaidi ya mara milioni 6 kwa sekunde. Katika mfumo wa PAL, rangi husafiri ndani ya mawimbi hayohayo, kwenye megahezi 4.43, na televisheni huchuja eneo hilo ili rangi isivuruge picha. Herufi nyembamba hufa kwenye chujio hilo. Hiyo ni sababu mojawapo ya Commodore 64 kuandika herufi 40 kwa mstari, na Spectrum 32.

Kongo ina jambo lake la ziada. Ilifuata SECAM, mfumo uliobuniwa Ufaransa, wakati Tanzania, Kenya na Uganda zilichukua PAL. Chombo cha PAL kutoka Dar es Salaam kikichomekwa kwenye televisheni kuukuu inayojua SECAM peke yake, picha huja nyeusi na nyeupe. Hakuna kilichoharibika, mwanga unasomeka, rangi ndiyo iliyofungwa kwa namna nyingine.

Televisheni bapa zimeondoa sehemu kubwa ya taabu hii, kwa kuwa waya wa HDMI hupeleka kila nukta kwa tarakimu. Hata hivyo bado zina mazoea ya enzi za chogo. Nyingi hukuza picha kidogo na kukata kingo, hivyo sehemu ya chini yenye saa na vitufe hupotea. Kwenye LG chagua Just Scan, kwenye Samsung nyingi Screen Fit. Shusha pia kiwango cha ukali wa picha, kwa sababu ukali huo wa bandia huzungushia herufi ukungu mweupe. Kisha, kama televisheni yako inaruhusu, lipe tundu la HDMI jina la PC. Macho yetu hutambua mwanga kwa undani kuliko rangi, kwa hiyo televisheni hupunguza nukta za rangi. Filamu haidhuriki, ila herufi nyekundu juu ya buluu hufifia. Jina hilo hurudisha rangi ya kila nukta.

Ukubwa nao una hesabu yake. Televisheni ya inchi 32 yenye nukta 1366 kwa 768 ina nukta za nusu milimita. Jicho zima huacha kuzitenganisha ukiwa umbali wa mita 1.8 hivi. Basi kaa hapo na ukuze maandishi hadi asilimia 150. Kwa darasa dogo hilo linafaa sana. Kwa karani mmoja mezani, inchi 19 hadi 24 ni bora.

Umeme je? Televisheni za LED za volti 12 huchomekwa moja kwa moja kwenye betri ya sola. Pamoja na Raspberry Pi, seti nzima inaweza kutumia wati 40. Betri ya saa-ampea 100, ikitumika nusu tu ili isife mapema, huiendesha kwa saa 15. Hata kompyuta-mpakato iliyovunjika kioo inaweza kufufuka hivi: mradi ina tundu la HDMI, bonyeza Windows pamoja na P, uchague kioo cha pili.

Walimu wa Obokote, hapa Maniema, zungumzeni na wenye vibanda vya video. Mechi nyingi ni za jioni. Asubuhi ombeni kioo kile kwa ajili ya watoto.