Baba, nati za ndani umeziangalia?

Aliyesikia kwanza alikuwa kitinda mimba wetu, mwenye miaka saba. Tulikuwa tumeshapita Mlandizi tunaelekea Chalinze, safari ya kwenda Korogwe kumsalimia bibi yao. "Baba, huku chini kuna kitu kinagonga," alisema kutoka kiti cha nyuma.

Baba watoto alipunguza redio, akasikiliza, akasema ni barabara tu. Kilomita chache mbele usukani ukaanza kumtetemeka mikononi. Hapo hakubishana tena. Akaegesha pembeni.

Fundi wa tairi tuliyempata jirani na pale alipiga jeki, akafungua tairi la mbele la kushoto, kisha akanyamaza. Nati sita za nje zilikuwa zimekaza vizuri. Zilizolegea zilikuwa za ndani, zile zinazoshika spesa. Mbili alizizungusha kwa vidole vyake. "Shemeji," aliniambia, "hapa Mungu amewasaidia."

Mimi nilikuwa sijui hata kwamba gari letu lina nati za ndani. Ndiyo maana nakuandikia, mzazi mwenzangu, maana siku hizi pikapu zilizonyanyuliwa na kuvalishwa matairi makubwa zinapendwa sana, na nyingi ndizo hizo hizo zinazopeleka watoto shule.

Ilivyoanza

Gari letu ni Toyota Hilux. Linakwenda shamba, sokoni, kanisani na shuleni. Baba watoto alilitafuta kwa jasho na analipenda, sikatai. Wiki tatu kabla ya safari alilipeleka gereji likanyanyuliwa inchi mbili kwa kubadilisha springi na shokapu. Kisha akavua matairi ya 265/65R17 akaweka ya 285/70R17.

Namba hizo zinasomeka hivi: ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi letu la zamani lilikuwa na kimo cha milimita 776 hivi. Jipya lina 831.

Kwa sababu ni pana zaidi, tairi jipya likawa linagusa vyuma vya ndani. Fundi akasema dawa yake ni spesa.

Spesa ni kitu gani?

Ni kipande cha mviringo cha chuma au aluminiamu, kinachokaa kati ya habu na rimu ili kulisukuma tairi nje. Zipo za aina mbili.

Ya kwanza ni sahani tupu inayopachikwa tu juu ya boliti za gari. Kadiri ilivyo nene, ndivyo nati zinavyobakiwa na mizunguko michache ya kushika. Ya pili, kama yetu, inafungwa kwenye habu kwa nati sita, na yenyewe ina boliti zake sita ambazo rimu inafungwa juu yake.

Hesabu basi. Gari letu lilikuwa na nati 24 kwa magurudumu manne. Baada ya spesa likawa na 48, na nusu ya hizo huzioni mpaka uvue tairi. Unaweza kuzunguka gari asubuhi na spana, ukakaza kila unachokiona, ukaondoka na watoto huku tatizo likiwa ndani.

Spesa mpya hujikalisha. Kutu, vumbi au rangi iliyobaki kati ya vyuma viwili husagika gari likitembea, nafasi ndogo inatokea, nati zinalegea. Kwa hiyo baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo, matairi yanatakiwa kuvuliwa, nati za ndani zikazwe upya, kisha za nje. Sisi hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza.

Kinachobadilika zaidi ya sura

Spidi. Tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko. Kwa saizi zetu tofauti ni asilimia 7. Kama kipimo cha dashibodi kilikuwa sahihi, sasa kikisoma 80 gari linakimbia karibu 86. Penye kikomo cha 50, unapita na 53 na zaidi huku ukijiona mtiifu, na askari mwenye tochi hatajali saizi ya tairi lako.

Breki. Gurudumu kubwa na zito lina nguvu zaidi ya kuendelea kuzunguka, lakini breki ni zile zile. Gari linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama.

Kona. Uzito ukipanda juu, gari linakuwa jepesi kupinduka dereva anapokwepa kitu ghafla. Spesa zinapanua kidogo mkao wa magurudumu, lakini zisikudanganye kwamba zimefuta hatari ya kimo. Nazo zinaongeza mzigo kwenye beringi, kwa kuwa tairi sasa linavuta kutoka mbali zaidi.

Tairi la akiba. Likibaki la saizi ya zamani, halilingani na mengine. Ukilifunga kisha ukaendesha kwa magurudumu yote manne kwenye barabara kavu, unaumiza gia na difu.

Mwisho, na hili ndilo lililoninyima usingizi, ni mtoto aliyesimama mbele ya gari. Inchi mbili za springi na karibu sentimita tatu zilizoletwa na tairi zimelipandisha boneti karibu sentimita nane. Jaribu nyumbani: kaa kwenye kiti cha dereva, mtu mzima amsimamishe mtoto mbele ya bampa, injini ikiwa imezimwa na ufunguo mkononi mwako. Angalia kama unaona hata nywele zake. Wa kwetu hakuonekana kabisa.

Muulize fundi kabla hujalipa

Kama bado mnataka kufanya, nendeni wote wawili gereji na maswali haya.

Je, spesa hii inakaa sawasawa kwenye habu ya gari letu? Kulingana kwa matundu sita hakutoshi. Tundu la katikati nalo lishike habu bila kucheza.

Je, utakaza kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na ile aliyoitaja mtengenezaji wa spesa? Mashine ya upepo peke yake si kipimo.

Usukani ukikatwa mpaka mwisho, gari likiwa na mzigo, tairi litagusa wapi? Lijaribiwe kulia na kushoto mkiwa hapo hapo.

Mipira ya breki inatosha gari likishanyanyuliwa? Alaimenti itapimwa upya? Taa za mbele zitashushwa zisiwapofushe wanaokuja?

Na je, hakuna rimu zenye upana na mkao unaofaa, ili spesa zisihitajike kabisa? Mara nyingi zipo. Usisahau pia kumjulisha mtu wa bima kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa, ajue leo, si siku ya ajali.

Tulichoamua

Tuliporudi Dar es Salaam tulikaa mezani, watoto wakiwa wamelala. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nikamuuliza swali moja tu: gari hili tunalihitaji lifanye nini? Akafikiri, akasema lisikwame kwenye tope la kwenda shamba wakati wa masika.

Kwa kazi hiyo, matairi ya saizi ile ile ya kiwandani lakini yenye meno ya tope yalitosha. Tulikuwa tumelipa karibu ada ya muhula mzima kununua ukubwa ambao hatukuuhitaji.

Spesa zilitolewa. Springi zilibaki, na sikuzipinga, kwa kuwa njia ya shamba ina mawe. Bampa la mbele limefungwa kamera ndogo, na sheria ya nyumba ni kwamba gari haliwashwi mpaka kila mtoto awe ndani au mlangoni mwa nyumba.

Kila Jumamosi asubuhi baba watoto hutoka na spana yake mpya yenye kipimo. Yule mdogo humfuata akihesabu kwa sauti, gurudumu hadi gurudumu. Akifika 24 ndipo wanarudi ndani kunywa chai.