Ankara ya Mtoto Mchanga: Mambo Ambayo Wazazi wa Rombo Wanapaswa Kuyafahamu

Mtoto anayezaliwa akiwa na afya njema huondoka wodini pamoja na mama yake baada ya muda mfupi. Hali huwa tofauti mtoto anapozaliwa kabla ya wakati, anapokuwa na uzito chini ya kilo 2.5, au anapopata manjano, maambukizi au shida ya kupumua. Mtoto wa namna hiyo hulazwa akiwa mgonjwa anayejitegemea. Hufunguliwa jalada lake, na gharama zake huandikwa kando na zile za mama.

Ankara hiyo huongezeka kila siku. Ndani yake huwamo malipo ya kulazwa, oksijeni, mashine ya kumpatia mtoto joto, matibabu ya mwanga, vipimo vya damu na dawa. Mtoto njiti anaweza kukaa wodini wiki kadhaa, hivyo suala la nani atalipa halipaswi kusubiri siku ya kuruhusiwa.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe malipo wajawazito na watoto wenye umri chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Hata hivyo, si kila hospitali inayohudumia wananchi wa Rombo ni ya umma. Hospitali ya Huruma iliyoko Mkuu inamilikiwa na Kanisa Katoliki, Jimbo la Moshi. Kwa sababu hiyo, mzazi anashauriwa kuuliza mapema ni huduma zipi zinazosamehewa na zipi zinazolipiwa.

Kwa kaya zenye bima, jambo la kwanza kuangaliwa ni idadi ya wanufaika. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF) iliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanzishwa kwa Sheria ya mwaka 1999, nao humhudumia mtumishi aliyechangia, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Familia ambayo tayari ina wategemezi wanne katika kadi inapaswa kujua kuwa nafasi zimejaa kabla mtoto mwingine hajazaliwa.

Jambo la pili ni ngazi ya rufaa. Mtoto anayehitaji matibabu ya juu kuliko yanayopatikana Mkuu hupelekwa Moshi kwa barabara ya Marangu na Himo. Huduma za CHF iliyoboreshwa zilipangwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Kilimanjaro ni Mawenzi. KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda, na iko juu ya ngazi hiyo. Tofauti hiyo ndogo katika barua ya rufaa inaweza kubadilisha kabisa wajibu wa familia katika malipo.

Jambo la tatu ni nyaraka. NHIF humlipa mtoa huduma, si mwanachama. Hospitali huhakiki uanachama, hujaza fomu ya madai inayoonesha kila huduma iliyotolewa, mwanachama huisaini, kisha madai hupelekwa kwenye Mfuko na kukaguliwa kabla ya kulipwa. Huduma isiyo na maelezo ya daktari, au mtoto asiyetambulika katika mfumo, huweza kusababisha madai kukataliwa. Mzazi anapaswa kuisoma fomu kabla ya kuisaini, na kuuliza kuhusu huduma asiyoitambua.

Ili mtoto asajiliwe kuwa mnufaika, huhitajika cheti cha kuzaliwa. Mzazi anapaswa kudai tangazo la kizazi kabla ya kuondoka hospitalini na kukamilisha usajili ndani ya siku 90 za kwanza, badala ya kusubiri mtoto aanze shule.

Familia isiyo na uwezo wa kulipa inashauriwa kumwona Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali tangu siku za mwanzo za kulazwa, kwa kuwa tathmini ya hali ya kaya huchukua muda.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kila mkazi awe na bima. Kwa mtoto aliyezaliwa leo, bima hiyo huanza na jina lake kuandikwa mapema.