Kununua kamera za zamani za filamu kutoka ng'ambo: hesabu na mitego kwa mnunuzi wa Kampala

KAMPALA – Kamera ya filamu iliyotangazwa na muuzaji wa Tokyo kwa dola 120 inaweza kumgharimu mnunuzi wa Kampala karibu mara mbili ya bei hiyo hadi kumfikia mkononi. Mbaya zaidi, inaweza kufika ikiwa haifanyi kazi, na gharama ya kuirudisha Japani ikamla faida yote. Ndiyo maana biashara hii ndogo, ambayo imewavutia wapiga picha, wasanii na wachuuzi wachache wa vifaa vya picha, inahitaji hesabu kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua.

Makala hii inaeleza hatua kwa hatua jinsi ununuzi huo unavyofanyika, kodi zinazolipwa Uganda, na makosa ambayo huwagharimu wanunuzi.

Kwa nini bado zinatafutwa

Kwa miaka mingi studio za Kampala, Masaka na Mbarara ziliishi kwa filamu. Kazi za wapiga picha kama Deo Kyakulagira na Musa Katuramu zimerudi kuonekana kutokana na mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens na Canon Griffin Rumanzi. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha picha za enzi ya Idi Amin, zilizotokana na makumi ya maelfu ya negativu zilizokuwa zimehifadhiwa katika Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC. Mambo hayo yamewafanya vijana wengi kuuliza picha hizo zilipigwaje na kwa kifaa gani.

Kamera za dijitali zilipoenea katika miaka ya 2000, maabara za kusafisha filamu zilipungua na kamera nyingi zikauzwa kwa bei ya kutupa au zikaharibika makabatini. Anayetaka kamera nzima leo mara nyingi hulazimika kutazama nje: Japani, Uingereza, Ujerumani na Marekani.

Japani inaongoza kwa sababu mbili. Kwanza, kampuni kubwa za kamera kama Nikon, Canon, Pentax, Olympus, Minolta na Yashica ni za huko. Pili, wauzaji wake wamezoea kueleza hali ya bidhaa kwa undani na kutuma kwa barua za haraka. Wengi wapo eBay. Minada ya ndani ya Japani, kama ule wa Yahoo, huhitaji wakala wa ununuzi kama Buyee au ZenMarket, ambaye hununua kwa niaba ya mteja na kuongeza ada yake.

Chagua kamera kwa kuangalia betri na filamu

Kosa la kwanza la mnunuzi mgeni ni kuchagua kwa sura. Jambo la kuuliza kwanza ni je, kamera hii bado ina filamu na betri sokoni?

Kamera za filamu ya milimita 35 ndizo salama zaidi, kwa kuwa filamu hiyo bado inatengenezwa na Kodak, Ilford na wengine. Za filamu ya 120 pia zina filamu. Lakini kamera za mfumo wa APS, ambazo huuzwa kwa dola chache, hazina filamu mpya tangu mwaka 2011. Kamera za zamani za Polaroid zinazotumia pakiti ya kubandua nazo zimebaki mapambo, kwani Fujifilm ilisimamisha pakiti yake ya mwisho, FP-100C, mwaka 2016. Mchuuzi anayenunua kamera kumi za aina hiyo kwa bei rahisi amenunua mzigo ambao hautauzika kwa mpiga picha.

Kuhusu betri, kuna makundi matatu. Pentax K1000, iliyotolewa mwaka 1976, na Nikon FM2 ya mwaka 1982 zina shata ya kimakanika. Betri inaendesha kipimo cha mwanga tu, hivyo zinapiga picha hata bila betri. Canon AE-1, pia ya mwaka 1976, ina shata inayotegemea umeme. Betri ikiisha, kamera imelala. Kundi la tatu ni zile zilizotengenezewa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo zimeondolewa sokoni kwa sababu ya sumu. Ukiweka betri ya kawaida ya volti 1.5, kipimo cha mwanga kinaweza kudanganya na picha zikatoka na mwanga usio sahihi.

Olympus Trip 35 haitumii betri kabisa, kwani ina seli ya seleniamu inayozalisha umeme kutokana na mwanga. Ni nafuu kutunza, lakini seli ikifa hakuna duka la mtaani litakalokuuzia nyingine. Muuzaji aulizwe kama seli bado inafanya kazi.

Kusoma tangazo

Maneno ya wauzaji yana maana yake. Muuzaji wa Kijapani akiandika kwamba bidhaa ni "janku", anauza bila dhamana yoyote: inaweza kuwa nzima, lakini akikupa mbovu huna la kudai. Maneno "haijajaribiwa" yachukuliwe kuwa na maana ileile, hata kama tangazo lina picha nzuri.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe majibu ya maandishi kwa maswali haya:

- Je, shata inafanya kazi katika kasi zote, hasa zile za polepole kama sekunde 1 na nusu sekunde? Grisi iliyokauka huonekana hapo kwanza.
- Je, kipimo cha mwanga kinafanya kazi, na kimejaribiwa kwa betri gani?
- Je, lenzi ina ukungu, vumbi au utando? Aombe picha ya lenzi iliyomulikwa kwa tochi kutoka nyuma.
- Je, sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma zimebadilishwa? Sponji za miaka ya 1970 na 1980 kwa kawaida zimegeuka kuwa unga au gundi.
- Je, chumba cha betri kina kutu?

Sponji si sababu ya kuacha kununua, kwani fundi mwenye mikono mizuri anaweza kuzibadilisha. Ukungu ni jambo lingine. Ni kuvu hai, na hustawi penye unyevu na giza. Kampala iko karibu na Ziwa Victoria na hupata misimu miwili ya mvua. Lenzi iliyofika na ukungu kidogo inaweza kuharibika zaidi ikifungiwa kwenye mfuko wa ngozi. Kamera ihifadhiwe mahali penye hewa, au kwenye boksi lenye vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu.

Malipo na ulinzi

Njia iliyozoeleka ni kadi ya Visa au Mastercard ya benki, moja kwa moja au kupitia PayPal. Mnunuzi aulize benki yake inatoza asilimia ngapi kubadilisha shilingi kuwa dola, kwa sababu kiwango cha kadi huwa si sawa na kile cha duka la fedha za kigeni mjini.

PayPal inampa mnunuzi siku 180 tangu siku ya malipo kufungua madai kama bidhaa haikufika au si ile iliyotangazwa. Dhamana ya eBay kwa bidhaa isiyolingana na tangazo kwa kawaida ni siku 30 baada ya kufikishwa. Muuzaji anayeomba pesa zitumwe nje ya mfumo, kwa Western Union au kwa akaunti binafsi ili "kupunguza bei", anamtoa mnunuzi nje ya ulinzi wote huo.

Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui. Wanunuzi wa Kampala wamezoea kutumia wakala wa mizigo mwenye anwani Uingereza, Marekani au Dubai, ambaye hukusanya vifurushi na kuvileta Entebbe kwa bei nafuu. Kwa dhamana ya eBay, bidhaa ikishafika kwenye anwani ya wakala imehesabiwa kuwa imefika. Ikisafirishwa tena kwenda nchi nyingine, dhamana hiyo haiifuati. Anayepita njia hii achague muuzaji mwenye sifa ndefu, au amwombe wakala afungue boksi na kupiga picha kabla ya kulisafirisha.

Kusafirisha

Kifurushi kinaweza kuja kwa posta au kwa kampuni za haraka kama DHL, FedEx na Aramex. Posta ni nafuu, lakini huchukua muda, na mnunuzi awe na sanduku la posta pamoja na namba ya simu iliyoandikwa wazi juu ya boksi. Kampuni za haraka hufika kwa siku chache na hushughulikia forodha zenyewe, ila hutoza ada ya kazi hiyo.

Muuzaji aombwe kutoa betri za lithiamu kabla ya kutuma, kwa kuwa betri hizo zina masharti katika ndege na zinaweza kusimamisha kifurushi njiani. Na kama kamera ina filamu ndani, mashine za kukagulia mizigo zinaweza kuiharibu.

Hesabu ya forodha

Uganda inatoza ushuru kwa mujibu wa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 na jedwali moja la ushuru linalotumiwa na nchi wanachama. Kamera ya filamu ipo katika kifungu 9006 cha jedwali hilo, wakati kamera ya dijitali ipo katika kifungu 8525. Wakala asiye makini akizichanganya, mteja anaweza kutozwa kiwango kisicho chake. Wengine hudhani kamera ya miaka ya 1960 ni kitu cha kale. Katika jedwali, kitu cha kale ni kile kilichozidi miaka 100.

Juu ya ushuru kuna kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 6 kwa asiye na msamaha, tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5, na ada nyingine ndogo. Kiwango kamili cha ushuru kithibitishwe kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, au kwa wakala wa forodha kabla ya kununua.

Tuchukue mfano wa kamera ya dola 120 na nauli ya ndege dola 45. Ikiwa ushuru ni asilimia 25, hesabu inakwenda takriban hivi:

- Ushuru: dola 30
- VAT, juu ya thamani pamoja na ushuru: karibu dola 27
- Kodi ya zuio: dola 7.20
- Tozo ya miundombinu: dola 1.80

Jumla ya kodi ni dola 66. Ukiongeza bei na nauli, kamera imefika dola 231. Kwa kiwango cha mfano cha shilingi 3,600 kwa dola, hizo ni shilingi 831,600, kabla ya ada ya wakala na makato ya benki. Bei ya tangazo ilikuwa shilingi 432,000.

Kuna kipengele cha sheria ambacho mnunuzi anapaswa kukijua. Kwa bidhaa zinazoingia kwa ndege, nauli haiongezwi kwenye thamani ya kukadiria ushuru wa forodha. Katika mfano huu, kama dola 45 zingeongezwa, ushuru ungekuwa dola 41.25 badala ya 30. Kwa hiyo ankara itenganishe bei ya kamera na nauli. Ikiwa na jumla moja tu, ni vigumu kudai haki hiyo.

Mfanyabiashara mwenye namba ya mlipakodi, TIN, atunze pia hati ya kodi ya zuio, kwani huhesabiwa kama malipo ya awali ya kodi yake ya mapato.

Wengine humwomba muuzaji aandike "zawadi" au bei ya dola 20. Hilo ni tamko la uongo. Kifurushi kinaweza kukamatwa na mwenyewe kutozwa faini. Tena kikipotea, fidia hufuata bei iliyoandikwa.

Kupitia Nairobi

Baadhi hununua kamera Nairobi na kuvuka nayo Busia au Malaba. Faida ni kuishika na kuijaribu kabla ya kulipa. Hata hivyo, cheti rahisi cha uasilia, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya. Kamera ya Kijapani haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imenunuliwa Kenya. Itangazwe mpakani, pamoja na risiti na hati za kodi iliyolipwa Kenya kama zipo.

Baada ya kamera kufika

Siku ya kwanza, mnunuzi apige picha za boksi, ajaribu kasi zote na kupiga filamu moja ya majaribio. Siku za dhamana zinahesabiwa, na kamera iliyowekwa kabatini mwezi mzima haina wa kuidai.

Gharama ya filamu nayo iingie kwenye hesabu. Filamu nyingi huagizwa nje kama kamera yenyewe, na dawa za kusafishia filamu za rangi ni vigumu kusafirisha kwa ndege. Nyeusi na nyeupe ndiyo njia nyepesi ya kuanzia, kwa sababu inaweza kusafishwa nyumbani kwa tangi dogo, dawa ya unga na maji ya joto linalopimwa.

Kwa mchuuzi anayetaka kuuza tena, bei ya kuanzia hesabu ni ile ya kamera iliyofika na kujaribiwa, pamoja na fungu la zile zitakazofika mbovu. Akiona kwamba kwa bei hiyo mteja wa Kampala hatanunua, ni heri ajue hivyo kabla ya mnada kufungwa.